Aliyebaki Nje ya Tangi

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kikohozi cha baridi. Goti lako je?

Nimefika kituoni. Watafiti tunatoka pande zote kutumia mashine moja kubwa ya mviringo, inayotoa mwanga mkali wa kuchunguzia vitu. Ukisimama karibu unasikia mvumo, kama jengo zima limelala na linapumua. Ila hakuna kugusa kitu kabla ya mafunzo ya usalama.

Mkufunzi wetu, mama mfupi tuliyembandika jina Kengele, leo alimwaga naitrojeni, gesi iliyopozwa mno hadi ikawa maji. Ukungu mweupe ukatambaa sakafuni ukatufunika viatu, tukawa kama tumesimama mawinguni. Nikatabasamu.

“Ukungu unapendeza, eh?” akaniambia. “Utaisha, gesi itabaki. Haina harufu. Inafukuza hewa chumbani, na mtu anaanguka bila hata kukohoa. Mwenzako akianguka humo?”

“Nitaingia nimtoe.”

“Basi tutazika wawili. Bonyeza kengele, piga kelele, subiri wenye mitungi ya hewa.”

Kwenye mtihani swali lilikuwa hilo hilo. Mkono ulikataa kuandika, nikafeli. Akilini nilimwona baba akishuka kwenye tangi la kiwanda kumfuata mwenzake aliyeangushwa na gesi, na baba mdogo akibaki juu anapiga kelele. Miaka kumi na mmoja hatumsalimii. Mama, je, kama baba mdogo alifanya sawa?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Usinifundishe nani alifanya sawa. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa anakufa, yeye kasimama. Fanya mtihani wako.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Nimerudia mtihani, nimefaulu. Niliandika “siingii,” machozi yakanidondoka kwenye karatasi.

Nakuuliza moja tu. Siku nikisimama nje na mwenzangu yuko ndani, na wewe utaacha kunisalimia?

Mwanao

2 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na unisamehe kimya hiki. Swali lako lilininyima usingizi.

Jana nilikwenda kwa baba yako mdogo. Aliponiona mlangoni alirudi nyuma, kama anangoja kofi. Nikamwambia, “Shemeji, nisimulie siku ile.”

Akanisimulia kwamba mara mbili aliweka mguu kwenye ngazi ya tangi, mara mbili akautoa. “Ila ndotoni nashuka,” akasema. “Kila nikilala nashuka. Namshika kaka mkono, anaamka, tunapanda wote. Halafu kunakucha.”

Mwanangu, miaka yote hii mimi nilikuwa nikimsukuma ashuke.

Nikamshika bega. “Usishuke tena, shemeji. Inatosha.”

Alilia kidogo, kisha akasinzia pale pale kitini, mchana kweupe, chai haijapoa. Nikakaa nikimsikiliza anavyokoroma, mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Anakoroma kama baba yako.

Na wewe ikifika siku hiyo, baki nje. Mimi nitakupokea.

Mama yako