Viti Vimekula Mkeka

Ijumaa, baada ya isha

Tumepoteza sinia yetu ya Ijumaa, chakula cha pamoja mkekani, tangu mume wangu alipoleta viti vipya, wiki sita sasa. Chumba kina mita nne. Viti vimekula tatu. Mkeka hauna pa kutandikwa, na majirani waliokuwa wakila nasi wameacha kuja.

Alivinunua kwa sababu tangu mama yangu afariki silali, akidhani nikikaa pazuri nitapumzika. Nia njema, sawa. Lakini siku nilizolala vizuri ni zile za sinia, watu wanane, jirani Mama Zaina akinitania kwamba pondu yangu, mboga ya majani ya muhogo, ingemfukuza hata mkwe.

Leo nimemwambia. Akajibu, "Bon, haya, Mama Yusufu, kaa basi kwenye kiti, iko laini."

Nikakaa. Nailoni ya dukani bado haijatolewa, imenigandia mapajani. Tumekula, yeye kule, mimi huku.

Naogopa kichwa changu kitaharibika. Biashara yangu ya nguo niliianzisha na vitenge viwili tu, bila msaada wa mtu. Siku hizi hata kufungua duka asubuhi ni...

Viti viwili viende kwa dada yake mume wangu, mkeka upate nafasi. Kesho kabla ya chai anijibu wazi: vinatoka, ndiyo au hapana?