Mlango wa Nyuma wa Dakota

Shinyanga, Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi kutoka upande wa reli, mvua haina dalili. Nimerudi nyumbani mapema na chakula sijakigusa. Siumwi. Nina uchungu, na ninauandika sasa kabla haujapoa, maana ukipoa nitaanza kuwatafutia visingizio watu wasiostahili.

Leo kamati ya uchunguzi ya kampuni ya ndege imetoa uamuzi. Masanja amefukuzwa kazi na jalada lake linapelekwa polisi. Jumatatu atasimama mbele ya hakimu kwa uzembe uliosababisha kifo.

Masanja ni jirani yangu. Kazi yake ilikuwa kupakia na kushusha mizigo. Mwezi uliopita alipanda Dakota, ndege ya mizigo ya kampuni, kwenda Geita, wakashusha vipuri vya mtambo wa mgodi kwenye uwanja wa vumbi, na wakati wa kurudi ndege ikakimbia uwanja mzima bila kunyanyuka. Ikapitiliza, ikaingia shamba la pamba. Mama mmoja aliyekuwa akichuma pamba alikufa pale pale. Ndani ya ndege Masanja alivunjika mkono. Marubani wawili walitoka na michubuko.

Nilifika kesho yake na kamera ya gazeti na futi ya kitambaa niliyoazima kwa fundi cherehani. Sababu haikuhitaji mtaalamu. Ndege ikiegeshwa, mkia wake hufungwa vibano vya mbao ili upepo usiupigepige, na kila kibano huning'inizwa kitambaa chekundu kisije kikasahauliwa. Kibano cha upande wa kushoto kilikuwa bado kipo. Mkia uliofungwa haunyanyui ndege. Kuvitoa vibano ni kazi ya rubani msaidizi. Rubani msaidizi alikwenda likizo kwao Ulaya wiki ile ile, na hakuna anayejua atarudi lini.

Mwenye kosa ameondoka. Kosa limebaki, linatafuta mtu wa kulibeba.

Kikao cha kwanza niliruhusiwa kukaa nyuma pamoja na mume wa marehemu, ambaye hakuulizwa kitu siku ile wala leo. Mezani kwa mwenyekiti palikuwa na mfano wa Dakota, wa chuma kinachong'aa, umesimama juu ya kigingi. Ni Dakota ya abiria, ya kupambia ofisi. Mwenyekiti akaigusa kwa ncha ya kalamu penye mlango mdogo.

"Siku ile ulikuwa umesimama hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mkia ni huu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtu akisimama hapa, anauona mkia au hauoni?"

Masanja aliinama akaitazama ile ndege kwa makini, mkono wake wa plasta ukiwa umebanwa kifuani. "Anauona, mzee."

Karani akaandika. Kikao kikaahirishwa. Watu walitoka wakiwa wepesi, kama waliotua mzigo.

Nje nilimuuliza Masanja, "Baba Kulwa, mbona umekubali?"

"Nimekubali nini? Kauliza ile ndege yake ndogo. Ile yake mkia unaonekana."

"Na yenu?"

"Yetu ina mlango kama wa ghala. Hakuniuliza yetu." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. "Sasa mtu mkubwa akuonyeshe kitu chake mezani, umwambie si chenyewe?"

Hivyo ndivyo alivyojifunga. Hakusema uongo na hakuogopa. Aliulizwa na mkubwa, akajibu alichoulizwa, kwa adabu.

Hapo ndipo ndege zangu zilipoingia katika habari hii.

Ninaunga ndege za plastiki, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mke wangu, Mama Neema, huwaambia wageni kuwa watoto wa wenzake wanachezea matope na yeye mumewe anachezea ndege. Sijawahi kumjibu. Kazi yangu ya mchana ni kuandika kilichotokea kwa mistari ambayo mhariri ataikata. Ndege haikatwi na mtu mwingine. Ikikosewa, nimekosea mimi.

Niliomba niiletee kamati mfano sahihi. Mwenyekiti alikubali upesi. "Lete, Bwana Mwandishi. Sisi tunatafuta ukweli." Nikaondoka nimefurahi. Ningepaswa kujiuliza kwa nini hakusita hata kidogo.

Hakuna boksi hata moja lenye Dakota ile. Nilikuwa na mbili kabatini, zote za kipimo kimoja, kile ambacho inchi moja ya plastiki ni futi sita za ndege. Ya kwanza ni ya abiria: pua sahihi, injini sahihi, mlango mdogo usiofaa. Ya pili ni ya kijeshi: mlango mkubwa wa mizigo, lakini umechorwa tu ukutani, haufunguki, na injini zake ni fupi. Ribiti zake, vile vichwa vya misumari inayoshika mabati ya ndege, ni nene mno. Kwa kipimo hicho, kwenye ndege halisi kila moja ingekuwa kama kifuniko cha sufuria.

Nikazikata zote mbili nyuma ya mabawa kwa msumeno mwembamba. Ukishakata hakuna kurudi, na boksi zenyewe hazipatikani tena dukani Mwanza. Nikachukua nusu ya mbele ya abiria na nusu ya nyuma ya jeshi. Hazikulingana. Ya nyuma ilikuwa nene zaidi, kwa unene wa kadi ya posta tu, lakini jicho lilikwenda hapo hapo. Nikachana kadi ya posta ya kweli, nikaibandika kwa ndani ya ile nyembamba hadi kingo zikakutana, nikaziba ufa kwa uji wa mabaki ya plastiki yaliyoyeyushwa kwenye gundi, nikapiga msasa. Ribiti zote nikazifuta, nikachora mistari upya kwa sindano.

Kisha mlango. Nilitoboa ukuta kwa wembe, taratibu, siku nzima ya Jumapili. Mlango wa Dakota ya mizigo una vipande viwili vya kufunga, viitwavyo mabawa. La mbele linafungukia mbele, la nyuma linafungukia nyuma, likatokeza nje kama pazia zito kati ya aliye mlangoni na mkia. Picha zangu zilionyesha bawa hilo, na urefu wake nilikuwa nimeupima kwa futi ya cherehani. Nikalikata kwenye plastiki nyembamba, bawaba nikazitengeneza kwa pini za karatasi.

Nilipomaliza nikachonga mtu kwa kijiti cha kiberiti, chini kidogo ya inchi moja, nikamsimamisha mlangoni. Kwenye mkia, upande wa kushoto, nikafunga uzi mwekundu.

Mke wa Masanja, Mama Kulwa, alikuja jioni moja kumrudishia mke wangu kinu, akasimama akitazama.

"Shikamoo, Baba Neema. Ndiyo hiyo itakayomtoa mume wangu?"

"Marahaba. Inaonyesha tu alichokuwa anakiona."

"Na hicho kijiti ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mwembamba mno," alisema. "Watadhani simlishi."

Mama Neema alicheka hadi akakaa chini. Nikampa Mama Kulwa uzi. Nikamwambia ashike ncha moja kichwani pa kijiti, ncha nyingine aivute hadi kwenye uzi mwekundu, bila kuupinda. Alivuta. Uzi wake ukagonga bawa la mlango. Akajaribu tena, akashusha mkono, akainua. Ukagonga.

"Haoni," alisema.

"Haoni. Na lori lililokuja kupokea vipuri lilikuwa limerudishwa nyuma hadi limegusa mlango. Hakukanyaga chini tangu walipotua."

Aliukunja uzi kidoleni. "Hata hivyo, Baba Neema. Mtu akiona ndege imefungwa mkia, atakubali kuruka nayo?"

Hilo kamati haikuwahi kuliuliza. Masanja alibaki ndani ya ndege ile. Alikaa juu ya magunia matupu na kusubiri kuruka.

Leo basi. Niliibeba ndege kwenye boksi la viatu lililojazwa pamba mbichi, nikatembea nayo kwa mguu kwa sababu siiamini baiskeli. Nikaiweka mezani kando ya ile ya chuma. Nikaeleza mambo matatu: mlango, lori, kibano. Nikavuta uzi kwenye ndege yao, ukapita. Nikavuta kwenye yangu, ukagonga. Kwa muda nilidhani wameelewa.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akainamia magurudumu.

"Hii umeitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwa ndege mbili."

"Mpaka matairi." Akawaita wenzake. Mmoja, aliyewahi kuwa fundi wa ndege, akataka kujua injini nilizitoa wapi. Mwingine akauliza rangi inauzwa wapi. Walizunguka meza. Nilijibu kila swali kwa ufasaha, na nakiri nilifurahi kuulizwa. Hakuna aliyeushika uzi.

Masanja alikuwa amesimama ukutani. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee, na yule wa mlangoni ni mimi."

Mwenyekiti akatabasamu. "Tumekuona."

Wakatoka kwenda kujadiliana. Walirudi kabla chai iliyoletwa haijapoa. Uamuzi ulikuwa umepigwa chapa tayari, na karatasi ile haikutoka kwenye mashine leo. Pembe zake zilikuwa zimeshaanza kujikunja. Shahidi, ilisomwa, alikiri mbele ya kamati kwamba kutoka mlangoni mkia unaonekana. Kila mtumishi aliye upande huo ana wajibu wa kutoa taarifa. Mwishoni palikuwa na sentensi iliyoongezwa kwa kalamu: kamati inamshukuru mwandishi wa habari kwa mfano bora wa ndege.

Nimefanya kazi hii tangu kabla ya Uhuru. Nimesikia uongo wa kila namna, wa Kiingereza na wa Kiswahili. Sikumbuki uongo ulionishukuru.

Na bado sijaandika sehemu mbaya zaidi.

Watu walipokuwa wakitoka, mwenyekiti aliniita. Akaishika ndege yangu kwa vidole viwili, vizuri, kama mtu anayejua thamani. "Hii ingekaa hapa ofisini. Wageni waione. Unatuachia, siyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Yametoka mdomoni mwangu mwenyewe. Hakuna aliyenibana. Nilikuwa nikimlaumu Masanja kimoyomoyo kwa mwezi mzima, kwamba kwa nini mtu mzima ashindwe kusema hapana mbele ya meza. Mimi nina elimu, nina kalamu, nina kadi ya gazeti, na nilivunja ndege mbili ili nimsaidie. Nilipoulizwa kwa upole na mkubwa mwenye miwani, nikajibu kama yeye, tena na kichwa nikainamisha.

Mwenyekiti akaiweka kabatini, nyuma ya kioo. Kabla ya kufunga akanyoosha kidole akalisukuma lile bawa la nyuma la mlango, likajifunga. "Lisije likavunjika," alisema.

Likishafungwa, mkia unaonekana vizuri sana.

Nimemkuta Mama Kulwa kwangu, amekaa na mke wangu, ameshasikia. Hakulia. Aliangalia mikono yangu.

"Waliitazama?"

"Waliisifu."

"Sijauliza hivyo."

"Hawakuitazama."

"Iko wapi?"

Nikamwambia. Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira usoni mwake. Mtu hukitazama hivyo chombo alichokitegemea, akagundua kina ufa.

"Hakimu wa Jumatatu," alisema, "ana ndege yake mezani?"

"Hana."

"Basi ataletewa ile ya kampuni."

Akaaga, akaenda kumpikia mumewe. Mama Neema hajanitania leo. Amekiweka chakula, amekifunika, ametoka.

Mezani kwangu pamebaki vipande: nusu ya nyuma ya abiria, nusu ya mbele ya jeshi, injini fupi mbili. Nimevijaribu pamoja. Vinaunda ndege, lakini ni ndege ambayo haijawahi kuwepo, yenye mlango mdogo na pua ya jeshi. Siku hizi mbili tatu sitaweza kutengeneza nyingine, na boksi la tatu sina. Iliyopo ni moja, na iko kabatini kwa mtu aliyeifunga mlango.

Kesho ofisi ile inafunguliwa saa mbili. Nitakwenda na boksi la viatu na pamba yake. Atanikaribisha, atanipa kiti, ataniomba kwa upole niwaachie wageni kitu kizuri namna ile.

Nimelisema jibu kwa sauti hapa chumbani, peke yangu, mara kadhaa. Ni neno moja: hapana. Bado linatoka na "mzee" nyuma yake, lakini linatoka.