Pini ya Elsi na Sauna ya Jumamosi

Jumanne, 4 Juni
Elsi wetu kavunjika mkono. Trampolini — nini kingine! Mifupa yote miwili ya kigasha. Mkono umepinda mahali pasipo kiungo. Miaka minane tu, maskini.
Hapa hospitali ya Oulu daktari ni binti mdogo mwenye viatu vya plastiki. Kasema wana utafiti. Watoto wengine hutiwa pini ya chuma ndani ya mfupa, baadaye hupasuliwa tena kuitoa. Wengine hutiwa pini inayoyeyuka yenyewe mwilini, basi. Nani apate ipi? Kompyuta inapiga kura. Nikamwambia hata mitume walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Akasema hamjui huyo.
Baba yake, Aulis, yuko msituni na mashine yake ya kukata miti, simu haishiki. Nikaomba. Nikatia sahihi peke yangu. Kura imeangukia ya kuyeyuka.

Alhamisi, 6 Juni
Aulis karudi.
"Umemtia mwanangu pipi mkononi?"
"Si pipi, Baba Elsi."
"Kinachoyeyuka ni pipi. Mkono ukipinda tena, je?"
Nikampakulia viazi. Kala vyote.

Jumamosi, 8 Juni
Sauna ya vuguvugu! Chumba cha kuogea mvuke, na mvuke hamna! Nyumbani kwa waamini! Elsi mwenyewe hakuingia, ana plasta. Ila Aulis anaogopa pini itamyeyukia kwa joto, anatafuta kiasi itakachostahimili. Watoto wengine wamekaa kwenye mabenchi wanatetemeka. Tuomo, mkubwa wao: "Baba, tunaoga au tunahifadhiwa kama samaki?"

Jumatano, 17 Julai
Plasta imetolewa, Bwana asifiwe. Kwenye picha ya eksirei mfupa umeunga, umenyooka. Pini haionekani. Daktari kasema hizi hazitokei kwenye picha, lakini imo, itaisha polepole, hata miaka miwili. Aulis kaikaribia picha mpaka pumzi ikaacha ukungu.
"Mimi naona mfupa tu."
Nikamkumbusha kuwa imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Akasema hayo ni ya Jumapili, leo Jumatano.
Habari ya sauna Aulis hakuuliza. Nikauliza mimi, mlangoni. Daktari: "Aoge tu, mama, haidhuru."
Aulis, garini: "Huyo ni mtu wa jijini, wa Helsinki. Anajua nini kuhusu sauna?"

Jumamosi, 20 Julai
Elsi kakataa kuogea kwenye beseni. Si mtoto mchanga, anasema. Aulis katia kuni mbili kwenye jiko la sauna, lile la mawe ya kumwagiwa maji yatoe mvuke. Elsi kachungulia: "Baba, unachemsha kahawa?" Baba mtu alipokwenda kuchota maji, nikaongeza kuni. Kumi hivi. Sahihi ni yangu.
Elsi na baba yake wameingia. Nami niko chumba cha nje, nangoja zamu yangu, naandika gotini. Nawasikia.
"Mwagia mawe, baba."
Benchi linalia, Aulis anasogea.
"Baba!"
"Nyoosha mkono kwanza niuone. Ukianza kupinda, useme upesi."
"Haupindi. Mwagia!"
Kata imezama ndooni. Imetoka — nasikia matone sakafuni. Tone. Tone jingine. Mlio wa maji kwenye mawe, bado.