Betri Itakayobaki Baada Yangu

Chumba Na. 14,
Ghorofa ya Tatu,
Nyumba ya Wazee.

Jumatatu, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Hujambo? Shemeji naye? Goti lako limetulia, au bado unapanda ngazi kwa kushika mabega ya watu? Mimi nina nguvu za kukaa kitako na kuandika, ila roho haijatulia.

Kile kifaa kifuani mwangu kinachouendesha moyo kinaishiwa betri kwa mara ya tatu. Kuna karakana inayojaribu betri za nyuklia, ndogo kama kifungo cha koti. Ndani mna chembe za mionzi zinazochakaa polepole, na kwa kuchakaa huko hutoa umeme. Zimefungwa ndani ya chuma, hazinidhuru. Hudumu miaka hamsini. Mimi nina sabini na sita. Jirani yangu, fundi umeme mstaafu, ananitania kwamba nikizimika mimi, betri itabaki ikiuliza moyo umekwenda wapi.

Nilicheka, kisha nikaisoma fomu ya ridhaa niliyopewa hospitalini. Betri hiyo hairuhusiwi kuzikwa. Daktari aliniambia, “Mzee, si mali yako. Tunakuazima tu.” Nikifa, lazima nipasuliwe waitoe, ndipo nizikwe. Na ndugu wa damu atie sahihi kwamba hatazuia.

Ndugu huyo ni wewe peke yako. Fomu ya kwanza niliyokutumia ilirudishwa na posta: penye anwani yako mkono wangu uliandika ile nyumba ya Baba tuliyoikimbia kwa sababu ya mafuriko. Miaka arobaini imepita, na bado nakuweka pale. Wiki mbili zimepotea hivyo.

Sijasahau, Baba alipofariki ulisimama mlangoni pa chumba cha maiti ukakataa aguswe na kisu. Tukamzika bila kupasuliwa. Ndiyo maana naogopa kukuomba.

Usipokubali, watanitilia betri ya kawaida, ya miaka mitano au sita, na daktari hanifichi: baada ya hapo mwili huu hautafunguliwa tena. Majibu wanayataka kabla mwezi huu haujaisha.

Fomu mpya nimeiambatanisha. Ukikataa, usikae kimya. Andika “hapana” kwa mkono wako, nami sitakununia. Nisichoweza ni kulala juu ya meza ya upasuaji bila kujua jibu lako.

Msalimie shemeji, mwanao mshonaji, na yule mjukuu mwenye maswali mengi. Mungu akupe wepesi wa kuamua, na akuweke hai baada yangu, maana sasa umri wako nao nauombea kwa faida yangu.

Ni mimi kaka yako,
nikupendaye hata ukikataa.