Dole gumba la Kabula

Jumanne, Somanda

Leo nimeshinda, na sijafurahi hata kidogo.

Dalali aliuza hisa za marehemu mke wangu, Kabula, bila ruhusa. Nataka mahakama izirudishe. Yeye anang'ang'ania twende kwa msuluhishi, eti Kabula mwenyewe alikubali kwa maandishi kwamba ugomvi wowote uishie huko.

Msuluhishi, mama mmoja mpole, akasema kwanza apime kama makubaliano hayo ni halali. Akanisogezea karatasi. Ilikuwa na tarehe ya siku tuliyokuwa msibani, Kabula hajazikwa.

Nikacheka. "Mayu," nikamwambia mama yule, "mke wangu alikuwa mbishi, lakini si wa kuamka kwenye sanda akasaini."

Dalali hakucheka. "Mzee, tazama hilo dole gumba."

Nikatazama alama ya wino chini ya karatasi. Kovu la mundu lilipita katikati ya mistari, kama njia ya ng'ombe kwenye majani. Dole hilo nimelishika miaka arobaini.

"Ni lake?" akauliza msuluhishi.

"Ni lake."

Akaweka kalamu chini. "Maiti hawezi kufanya makubaliano. Sina mamlaka hapa. Nenda mahakamani, babu."

Dalali anaapa aliikuta karatasi asubuhi ya tarehe hiyo chini ya mlango wa ofisi yake, wino haujakauka. Nilimwita mwongo, na mahakamani nitamwita tena.

Ila usiku wa kuamkia siku hiyo Kabula alilala chumbani kwetu, nami nilikaa mlangoni mpaka kukacha. Hakuna mtu aliyeingia.

Kutoka, sijui. Nilisinzia.