Dada Mapendo, Ni Mimi Niliyekutoa Kwenye Kundi

Mpendwa dada Mapendo,

Huu ni mwaka wa pili tangu uhamie Kanada na wanao, na sijakuandikia hata salamu. Si kwamba nimekusahau. Niliona haya.

Nilipoajiriwa katika shirika letu la kusaidia wakimbizi hapa Kampala, wewe ndiye uliyenipokea. Ofisi bado ni ile nyumba ya kupanga juu kidogo ya Kamwokya, na chumba chetu cha wakalimani kingali na vigae vya rangi ya waridi, kwa kuwa zamani kilikuwa bafu la mwenye nyumba. Baba yangu alikuwa askari, nami nilikuja na Kiswahili cha kambini. Ulikicheka siku ya kwanza. "Mdogo wangu, unaongea kama unatoa amri," uliniambia. "Mtu aliyekimbia askari atakuogopa." Ukanifundisha kuketi kando ya mtu badala ya kumkabili, na akinyamaza, kunyamaza naye mpaka atake kuendelea.

Unazikumbuka keki? Mtu akioa, akijifungua, akitimiza mwaka, mkurugenzi alituita sote sebuleni. "Hapa sisi ni familia," alisema, tukapiga makofi. Nami niliamini. Nilikuwa nimemzika mama mwaka ule, na neno hilo nililihitaji.

Kisha wakatangazwa wageni kutoka kwa wafadhili, nawe ukaambiwa umlete Mama Ombeni, awaeleze jinsi mwanawe alivyopotea njiani walipokuwa wakikimbia Kongo. Ulikataa mbele ya kikao. "Ameshaeleza mara nne," ulisema. "Kila akieleza, anakaa siku mbili bila kula." Mkurugenzi hakupandisha sauti. Huwa hapandishi. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kuna mwingine anayeona kama dada yetu?"

Nilikuwa nimekaa mkono wako wa kulia. Nilijua unasema kweli, maana mara mbili kati ya hizo nne nilikuwepo. Nikainamia daftari langu.

Mkataba wako ulipoisha hawakuuongeza. Keki haikuletwa. Jioni ile mkurugenzi aliniomba, kwa upole kabisa, nikutoe kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa kuwa mimi ndiye niliyelisimamia. Nikabonyeza. Najua uliliona jina langu. Kesho yake ulikuja kuchukua vitu vyako, ukanikuta mlangoni, ukaniuliza, "Zaituni, umekula?" Basi. Ni heri ungenitukana.

Nikapewa kazi yako. Mwezi uliopita wageni wengine walikuwa njiani, na mkurugenzi akanituma kwa Mama Ombeni. Nilimkuta chumbani kwake, Kasubi. Hata sijamaliza kueleza, aliinuka kutafuta kitenge chake kizuri.

"Mama, si lazima uje," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayetegwa. "Nisipokuja, si mtanifuta kwenye orodha ya msaada?"

Miaka yote ile, dada, alikuwa akieleza kwa hofu hiyo, na sisi tukiandika kwamba amekubali. Nilikaa naye mpaka akaamini kwamba hafutwi. Kisha nikapanda boda hadi ofisini, nikamwambia mkurugenzi kwamba Mama Ombeni haji, na kwamba mimi sitamwita tena.

"Sawa," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Wageni walikuja. Walitazama cherehani za kina mama, wakapiga picha, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyemuulizia Mama Ombeni. Hawakujua hata kwamba yupo.

Tangu siku hiyo nasalimiwa vizuri sana. Siwezi kusema kuna aliyenikosea. Ila mazungumzo ya jikoni hukatika nikiingia, na saa ya chakula kila mmoja hukumbuka simu ya kupiga. Nakula matoke yangu peke yangu, nimefunga mlango, nikisikia vicheko vya upande wa pili. Sasa najua wiki zako za mwisho zilikuwaje. Najua pia kwamba nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakicheka huko. Mkataba wangu unaisha hivi karibuni, na sijaambiwa lolote. Sikuandikii ili unihurumie. Nimeandika kwa sababu niliyokutendea niliyatenda mbele ya watu, na haifai niyaungame moyoni tu. Nisamehe, dada.

Nilipokuwa natoka siku ile Kasubi, Mama Ombeni aliniuliza habari zako. Alidhani uliondoka bila kumuaga kwa kuwa ulimchoka. Nikamweleza kilichotokea, pamoja na sehemu yangu. Halafu akasema namba yake ni ileile.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kupiga simu moja tu huku Kampala, usinipigie mimi. Mpigie yeye.

Wakumbatie watoto, na baridi ya huko isiwaonee.

Mdogo wako,
Zaituni