Nilivyokuwa mgeni wa Neema ziwani

Kwako mdogo wangu, Mama Petro wa Dareda,

Hujambo na watoto? Mimi nakuandikia miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, maana Babati imenichosha. Leo Neema wangu alitembeza wageni peke yake kwa mara ya kwanza, na bosi alikuja kumwangalia kama anafaa kuajiriwa. Nikaenda nao. Asubuhi akaniambia, "Mama, leo na wewe ni mgeni. Usije ukaanza kunisifia." Unanijua nilivyo, lakini nikakubali.

Tulitembea chini ya mlima Kwaraa, tukapita sokoni, jua la mchana likatukuta ziwani. Ungemsikia anavyoeleza habari za viboko, ungedhani amewafuga yeye. Mama mmoja wa Dodoma akaniuliza, "Huyu binti ni wa nani jamani?" Nikajaza mdomo perege wa kukaanga nisijibu.

Tulipoinuka kwenda kwenye mitumbwi, miguu yangu ikagoma. Neema akaacha kueleza, akapiga magoti mbele ya watu wote, akanivua viatu.

Bosi akauliza, "Wageni wote unawahudumia hivi?"

"Hapana. Huyu ndiye aliyenizaa."

Basi mdogo wangu, ahadi yangu ikaishia hapo. Niliwaeleza tangu siku ya ubatizo wake mpaka dereva aliyekuja kuturudisha akapiga honi.

Kazi amepata, anaanza Jumatatu. Ila bosi ameomba mimi nipumzike nyumbani.

Nakuja nikichechemea, unichemshie maji. Mungu akutunze mpaka nikukumbatie.

Dada yako,
Mama Neema